Kilomita 6 Baada ya Pongwe

Mgeni anayeingia Tanga asubuhi kwa mara ya kwanza hustaajabishwa na baiskeli kabla ya kustaajabishwa na bandari, mitaa au samaki. Mji wetu ni tambarare, na barabara za Ngamiani zilipimwa zikanyooka tangu zamani, hata zikapewa namba badala ya majina. Mtu mwenye baiskeli hapa hakutani na kilima cha kumtoa jasho mpaka awe amekwenda mbali. Wanaume huenda nazo kazini, wanafunzi huenda nazo shule, na mwanamke aliyevaa buibui hupanda yake akaelekea sokoni, kikapu mbele na mtoto nyuma, wala hapana anayegeuza shingo kumtazama. Mimi nilizaliwa katika hali hiyo, na nilidhani dunia nzima huishi hivyo mpaka nilipokwenda kusoma chuo katika mji wa milima, nikaiacha baiskeli yangu kwa mdogo wangu.

Ninayotaka kumsimulia msomaji leo yanahusu baiskeli moja, injini moja ndogo, na mafundi wa mji huu, ambao nimewafahamu kwa undani mwaka huu kuliko miaka yote 30 na kitu niliyopita mbele ya mabanda yao bila kusimama.

Mama yangu anaishi shambani, ng'ambo ya Pongwe. Kutoka nyumbani kwangu Ngamiani hadi Pongwe ni kilomita 15 hivi kwa barabara kuu ya Segera, kisha unaiacha lami na kushika njia ya vumbi yenye kilomita 6, ukipita katikati ya mistari ya mkonge, ukivuka bonde moja na kupanda kidogo mpaka kijijini. Marehemu baba amezikwa huko, na mama hataki kusikia habari ya kuhamia mjini. Anakaa na mjukuu wake aliye darasa la sita. Mimi humtembelea mara tatu kwa wiki. Hadi Pongwe kuna daladala, lakini kuanzia hapo ni bodaboda, na bodaboda wakati wa masika hupandisha nauli maradufu, au wakakataa kabisa kwa sababu ya utelezi wa bondeni.

Mwaka jana, katikati ya masika, mama alianguka uani usiku. Simu ilinifikia saa tano. Nilifika Pongwe kwa msaada wa jirani mwenye gari, lakini gari halikuweza kuendelea, na vijana watatu wa bodaboda walinitazama kwa huruma wakatikisa vichwa. Nikatembea. Nilipofika, kulikuwa kunakaribia kupambazuka, na nyumba ilikuwa tupu. Majirani walikuwa wamekwisha kumfunga mama juu ya keria ya baiskeli kwa kanga, mmoja akashika usukani na wawili wakamshikilia ubavuni, wakampeleka zahanati kwa njia ya mkato. Alhamdulillahi hakuvunjika. Ila nilikaa kwenye benchi la zahanati ile, matope yamenifika magotini, nikifikiri kwamba mtoto wa kiume wa nyumba ile ndiye aliyekuwa wa mwisho kufika.

Pikipiki mpya haipungui shilingi milioni 2, na mimi sina kiasi hicho. Baiskeli ninayo, lakini goti langu la kulia lina maumivu ya zamani, nami nikizidisha kilomita 20 hulala nalo macho. Ndipo nilipokumbuka kitu nilichokiona Dar es Salaam, mitaa ya Kariakoo: sanduku lenye injini ndogo iliyotengenezwa China, pamoja na tangi, mnyororo na vifaa vyote vya kuifunga kwenye baiskeli ya kawaida.

Sanduku lilikuja kwa basi, nalo lilitufanya tusile chakula cha mchana kwa utulivu siku ile. Wanangu walipanga vifaa vyote juu ya mkeka: injini yenyewe, isiyozidi ukubwa wa nazi mbili, kabureta, tangi jembamba la kukaa juu ya bomba la fremu, bomba la moshi, gia ya nyuma yenye meno 44, mnyororo mnene kuliko wa baiskeli, mkono wa klachi, na mfuko wa nati. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na picha sita na maneno ambayo hata wenye lugha yao wangehitaji mfasiri.

Ubavuni mwa sanduku paliandikwa cc 80. Mimi nina tabia mbaya ya kupiga hesabu kila ninachouziwa. Upana wa silinda ulikuwa milimita 47, na pistoni ilisafiri milimita 38. Ukizidisha inavyostahili utapata cc 65.9, wala si zaidi. Mfanyabiashara wa sokoni kwetu akiuza gramu 820 na kuziita kilo tungemkalisha kitako na kumuuliza anamwogopa nani. Hata hivyo injini ya cc 65.9 inatosha kabisa kwa baiskeli, na pengine imezidi, kama nilivyokuja kujua.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Upande wa kulia wa baiskeli unabaki na mnyororo wake wa pedeli kama kawaida. Upande wa kushoto unaongezwa mnyororo wa pili, kutoka kwenye injini hadi gia kubwa inayofungwa kwenye spoki za gurudumu la nyuma. Ukibana klachi, injini inaachana na gurudumu, nawe unapiga pedeli kama mtu yeyote. Ukishapata mwendo unaachia klachi, gurudumu linaizungusha injini, plagi inatoa cheche, nayo inaitika. Haina betri wala kitasa. Mafuta yake ni petroli iliyochanganywa na oili, kwa sababu ni injini ya mipigo miwili isiyo na mahali pa kuwekea oili peke yake. Mwenye kukumbuka vespa za zamani ataielewa.

Kazi ilikuwa kumpata fundi. Nilianza na duka moja kubwa la vipuri mjini. Muuzaji aliitazama picha niliyomwonyesha, akawaita wenzake wawili waje wacheke pamoja naye, kisha akaniambia, "Ustadhi, hii si baiskeli wala si pikipiki. Sisi tunauza vinavyojulikana." Sikumlaumu sana. Nilichukizwa na kile kicheko tu.

Kutoka hapo nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa baiskeli chini ya mwarobaini huko Ngamiani, karibu na soko la Mgandini. Mzee huyu amekaa pale tangu mimi sijazaliwa. Ana sanduku la mbao lililojaa nati, beseni la maji ya kutafutia pancha, na kiti kimoja cha wageni ambacho mguu wake wa nne ni tofali. Nilimwamkia, akaitika, akaifuta mikono na kuinua injini, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua papai.

"Utaifunga kwenye baiskeli gani, mwanangu?"

Nikamwonyesha Phoenix yangu, ile ndefu yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma.

Akaibana breki ya mbele, akaisukuma baiskeli, nayo ikaendelea kutembea. "Injini itakuongezea mwendo," akasema. "Nani atakuongezea kusimama?"

Akanieleza kwamba breki zile zinakamata ringi ya chuma, na ringi ya chuma ikilowa maji haikamatiki. Zaidi ya hapo, vifaa vya sanduku lile vimepimwa kwa gurudumu la inchi 26. Akanitaka nitafute baiskeli nyingine ya mtumba, yenye fremu nene na breki za waya zilizo imara mbele na nyuma, ndipo nirudi. Nilipiga hesabu ya gharama, nikaona mzee ananikawiza. Nikamshukuru kwa adabu, nikaondoka, na nikampelekea kazi kijana mmoja wa mtaa wa pili ambaye hakuwa na swali lolote.

Nataka kuwa mwadilifu kwa kijana yule. Alikuwa na bidii, na saa sita tu zilimtosha. Aliikalisha injini juu ya vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu ili, kwa maneno yake, isitikisike. Kile kigurudumu kidogo cha kukaza mnyororo alikifunga kwenye bomba la fremu kwa kibano na nati mbili. Jioni ile nilizunguka viwanja vya Tangamano mara nne, watoto wananifuata mbio, na sauti yake ilikuwa kama cherehani iliyokasirika. Nilirudi nyumbani nimefurahi kupita kiasi kinachomfaa mtu wa umri wangu. Mke wangu alisimama mlangoni, akaitazama, akauliza jambo moja tu: "Baba watoto, umejaribu kusimama?"

Siku ya pili yake, baada ya swala ya alfajiri, niliondoka kwenda kwa mama. Nilipita Majani Mapana, nikapita stendi ya Kange, na barabara ikafunguka. Mwenye kuijua barabara ile anajua kwamba malori ya saruji hayalali. Nilikuwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa hivi, upepo mzuri, nikasikia sauti kama ya kijiti kinachopitishwa kwenye uzio. Kabla sijaelewa, gurudumu la nyuma likasimama wima. Kigurudumu cha kukaza mnyororo kilikuwa kimezunguka kwenye bomba kikaingia ndani ya spoki. Baiskeli iliserereka, nikaanguka upande wa kushoto, nje ya lami, na lori lililokuwa nyuma yangu likapita huku likipiga honi ndefu ambayo bado naisikia mara nyingine nikiwa usingizini. Kama ningeangukia kulia, mambo haya angeyaandika mtu mwingine, na yangekuwa mafupi.

Nilikaa pale majanini kwa muda. Viganja vimechubuka, kanzu imechanika bega, spoki kumi na moja zimekatika. Mtu mmoja aliyebeba mkaa kwenye baiskeli yake alisimama, akaegesha mzigo wake wote ule, akanisaidia kukifungua kile kibano kwa spana yake na kuukata mnyororo wa injini, ili niweze kuikokota baiskeli hadi mjini. Hakuniuliza jina.

Nilimkuta mzee chini ya mwarobaini. Niliegesha baiskeli nikasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilitarajia maneno, na nilikuwa nimekwisha kuyakubali yote. Alivitazama viganja vyangu, akamtuma mtoto akalete maji, akaniambia, "Kaa. Kiti hicho usiegemee nyuma."

Kazi ya pili ilichukua wiki tano, nami nilijifunza mji wangu upya. Mzee alikuwa na utaratibu wake. Hakukubali kufanya asichokijua, bali alinituma kwa anayekijua. Baiskeli ya mtumba ya inchi 26 tuliipata Makorora kwa mtu anayeuza zilizokuja kwenye makontena. Mzee alikuja mwenyewe, akazikataa tatu kwa kupitisha kidole chini ya rangi mahali mabomba yanapoungana, akitafuta ufa. Ya nne akaikubali kimya. Spoki nene za gurudumu la nyuma hazikupatikana popote ila kwa mzee mmoja mwenye duka jembamba mjini, ambaye baba yake aliuza vipuri vya baiskeli kabla yake. Huyu hakucheka. Alishika spoki yangu iliyokatika baina ya vidole viwili, akasema urefu wake bila kupima, kisha akapima ili kuniridhisha mimi. Aliposikia kwamba ni kwa ajili ya kumfikia mama, alinipunguzia bei na kunitia spoki nne za akiba mfukoni. "Za nyuma ndizo hukatika," alisema. "Usisubiri zikatike ndipo uje."

Fundi wa kuchomelea nilielekezwa mwenye gesi, si yule wa umeme aliye karibu, kwa sababu mabomba ya baiskeli ni membamba na hutoboka upesi. Yeye ndiye aliyechomelea kipande kidogo cha bati nene kwenye fremu, ili kikaza mnyororo kifungwe kwa nati inayopita ndani yake, kisizunguke tena mpaka siku ya Kiyama. Nilimlipa shilingi elfu 5 kwa kazi ambayo ingalifanywa mwanzo isingenifikisha majanini.

Vile vipande vya mpira mzee alivitoa vyote na kunirushia mapajani. Injini, alisema, ifungwe chuma kwa chuma, ikae kama jino. Ukiiwekea mpira unaipa nafasi ya kucheza, na inayocheza hukata nati zake. Nati laini zilizokuja na sanduku tulizitupa, tukanunua ngumu zaidi zenye mpira wa nailoni ndani yake, ambazo hazilegei kwa mtetemo. Kuifunga ile gia ya meno 44 kulichukua alasiri nzima. Inabanwa kwenye spoki kwa nati tisa, na ikikaa upande hata kwa milimita mbili, mnyororo utaruka. Mzee aliligeuza gurudumu juu chini, akaweka ncha ya bisibisi karibu na meno, akalizungusha, akakaza nati moja robo mzunguko, akalizungusha tena. Wateja wa pancha walisubiri. Hapana aliyenung'unika, walivuta vitofali wakakaa kutazama, kila mmoja ana rai yake.

Katika kungoja huko ndiko nilikowasimulia habari niliyoisoma ya Soichiro Honda wa Japani. Baada ya vita kuu ya pili watu wa nchi ile walikuwa na dhiki ya usafiri na ya chakula. Mwaka 1946 Honda alipata injini ndogo zilizokuwa za kuendeshea mitambo ya redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Tangi lake la kwanza la mafuta lilikuwa chombo cha kuwekea maji moto ya kupashia kitanda joto. Mkewe, aliyekuwa akihangaika kwa baiskeli kutafuta chakula, ndiye aliyewekwa juu yake kuijaribu mbele ya watu. Injini zile zilipokwisha, Honda alianza kutengeneza zake mwenyewe. Mwaka 1952 alitoa injini ya baiskeli iitwayo Cub, yenye tangi jeupe, na mwenzake Takeo Fujisawa hakuipeleka kwa wenye maduka makubwa. Aliwaandikia barua wenye maduka ya baiskeli Japani nzima, zaidi ya 50,000, akiwaomba wao ndio waiuze, na takriban 13,000 wakaingia katika biashara hiyo. Kampuni iliyokuja kuijaza dunia pikipiki ilibebwa kwanza na watu wa pancha na spoki.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mke wa Honda alikuwa na breki ya mbele.

Palibaki suala la mafuta. Mzee alikiri kwamba injini si kazi yake, akanituma Deep Sea, kwenye soko la samaki, kwa kijana anayetengeneza mashine za boti. Mashine nyingi za boti za wavuvi wetu nazo ni za mipigo miwili, hivyo kijana yule anaujua mchanganyiko kama mpishi ajuavyo chumvi. Aliisikiliza injini yangu ikizunguka, akafungua plagi, akaitazama rangi yake. Ikiwa nyeusi na imelowa, oili au petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, mafuta hayatoshi na injini inaungua. Inayotakiwa ni rangi ya kahawia, kama ya ganda la karanga. Akanishauri kwa injini mpya niweke sehemu 1 ya oili kwa sehemu 16 za petroli, yaani mililita 62 hivi kwa lita, mpaka izoee, na baadaye nipunguze hadi mililita 40. Wala nisiikimbize siku za mwanzo. Nilipomuuliza malipo yake, alisema nimletee vitumbua siku nikipita. Nilimletea, na sasa akiniona huulizia vitumbua kabla ya salamu.

Kipimo cha mililita nilikipata nyumbani, ni kile kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto. Mke wangu alikitafuta siku tatu. Alipokigundua karakana yangu, kikinuka petroli, tulizungumza kwa kirefu, na siku hizi ninacho changu nilichokinunua duka la dawa.

Kabla ya kuitia barabarani, nilifanya lililonipasa kulifanya mwanzo kabisa: nilikwenda kumuuliza afisa wa usalama barabarani. Alinipokea vizuri. Alinieleza kwamba chombo kikishafungwa injini, kuwa na pedeli hakukiondoi katika hesabu ya vyombo vya moto. Kwa hiyo kwenye barabara ya umma kinatakiwa usajili, ukaguzi na bima, na mwendeshaji awe na leseni na kofia ngumu. Leseni ninayo, kofia nilinunua. Usajili wa chombo kilichoungwa kwa mkono chini ya mwarobaini ndio wenye kona nyingi. Nimewasilisha risiti na karatasi nilizonazo, na jambo hilo bado linaendelea. Jamaa zangu wawili walinicheka, wakaniuliza ni nani angenisimamisha. Huenda hapana. Ila niliikumbuka ile honi ya lori, nikaona ningeangukia kulia, mke wangu angebaki na deni, na kesi, na maelezo ya kuwapa watu.

Hapo ndipo mpango wote ulipobadilika, na naona ulibadilika kwa heri. Nilikuwa nimeijenga kwa ajili ya kilomita 21, ilhali taabu yangu haikuwa kwenye 15 za mwanzo. Hizo zina lami na zina daladala, nazo ndizo zenye malori. Taabu ilikuwa kwenye zile 6. Njia ile ya vumbi inapita ndani ya shamba la mkonge, na msimamizi wa shamba alinipa barua ya kuniruhusu kupita, kwa sharti nisipite usiku bila taa. Basi baiskeli yangu sasa haikai Ngamiani. Inakaa Pongwe, kwenye banda la fundi baiskeli wa pale, ambaye mzee wa mwarobaini alinitambulisha kwake kwa simu kana kwamba ananiozesha. Nashuka kwenye daladala, namsalimia, naangalia nati zote tisa kwa spana, natia mafuta, naisukuma mpaka mwanzo wa njia ya shamba, ndipo napanda.

Asubuhi njia ile ni nzuri mno. Mkonge umesimama kwa mistari mpaka macho yanachoka, na umande ukiwa bado haujakauka, vumbi halinyanyuki. Wakataji huinua mapanga kunisalimu. Bondeni napunguza mwendo, nabana klachi, nateremka kwa breki, mbele na nyuma, zinakamata. Nikianza kupanda upande wa pili naachia klachi, injini inaguna kidogo kisha inashika, na goti langu linapumzika. Dakika 20 nimefika. Kwa miguu ilikuwa saa moja na robo.

Masika ya mwaka huu mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na bodaboda zikasimama tena. Nilikwenda. Bondeni nilishuka nikaisukuma, kwa kuwa matope yalifika kwenye mnyororo, lakini baiskeli ni nyepesi, mtu mmoja anaweza kuinyanyua upande mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo pikipiki haikuruhusu. Ng'ambo ya bonde niliifuta plagi, nikaipiga pedeli, ikaitika mara ya pili. Spoki moja ilikatika siku ile. Nilikuwa nazo nne za akiba.

Macho ya mama hayaoni mbali tena. Mjukuu wake ananiambia kwamba bibi huisikia injini tangu ninapoanza kupanda kutoka bondeni, huacha alichokishika, humtuma aweke maji ya chai jikoni, naye hujikongoja mpaka ukumbini. Siku ile ya mvua nilimkuta amekaa pale, kanga mabegani. Niliegesha nikamwamkia, nikambusu mkono. Akaniuliza kwa nini leo injini ilinyamaza kule chini, kwa maana alihesabu, na ilikawia kuliko desturi. Nikamweleza habari ya matope. Akaomba nimsogeze karibu, akaipapasa baiskeli, tangi, kiti, akafika kwenye usukani, akazibana breki mbili kwa nguvu zake zote, moja baada ya nyingine.